Yatokanayo

Waliohudhuria: tisa, na mbwa wa Hefin.
Akidi ni saba. Mbwa hatukumhesabu,
ingawa ni yeye peke yake asiyetazama saa.

Chumba cha nyuma ya kanisa, Swansea, Jumanne ya mvua.
Kofia za baiskeli zinachuruzika juu ya piano,
makoti yanafuka mvuke kama viazi.
Mimi ni katibu. Niliupataje ukatibu?
Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo;
wahenga hawakuwahi kukaa katika kamati.
Mwaka juzi nilishikwa na mafua, sikuja,
kesho yake nikaamshwa na pongezi.

Mwenyekiti ni Eluned Prosser, dereva wa basi mstaafu.
Mwenye kiti, ndiyo, ila kiti chenyewe kina miguu mitatu na nusu,
naye hukisawazisha kwa kitabu cha nyimbo.
Miaka thelathini aliwapita waendesha baiskeli kwa upana wa kiganja,
na sasa, anasema, analipa deni mita kwa mita.

Ravinder husoma michoro ya halmashauri.
Anaijua njia ya kando ya gati kwa sentimita:
mia na hamsini, kisha mia na ishirini,
kisha nguzo ya taa.
Kisha nguzo ya taa, anarudia,
kama anayemtaja mtu aliyemdhulumu.

Anwen alihesabu baiskeli kwenye makutano
tangu saa moja asubuhi hadi saa tatu,
penseli ikigoma juu ya karatasi iliyolowa.
Sitini na mbili.
Na mtu mmoja juu ya gurudumu moja;
tulibishana dakika kumi kama huyo ni nusu.

Ajenda namba tano: mweka hazina.
Hefin anang'atuka. Goti.
Miaka kumi na moja ameibeba hazina yetu
ndani ya mkebe wa biskuti: risiti, stempu,
ufunguo wa trela iliyoibwa zamani.
Aliuweka mkebe katikati ya meza,
nasi, sote kwa pamoja, tukaanza kuvipenda viatu vyetu.

Kumbukumbu haziandiki kimya.
Nimewahi kujaribu: "Kimya, dakika nne."
Eluned alikifuta.

Ndipo akainuka yule mama wa nyuma,
Marged Bevan, mwenye duka la nyuzi za kufumia,
aliyekuja kutusema: njia yetu yenye rangi nyekundu
imemeza nafasi mbili za kuegesha za wateja wake.
Alikuwa na hotuba ya kurasa tatu, moja ameshaisoma.
"Hizi hesabu," akasema, miwani ingali puani,
"zimepotea peni arobaini."
Hefin akakiri: zimepotea tangu ule mwaka wa theluji.
"Na mnalala?"

Akauvuta mkebe. Akavua glavu.
Risiti za gundi ya viraka, za chai, za kukodi chumba hiki hiki,
akazipitia kama anayetafuta mshono uliomponyoka
safu ishirini nyuma.
Ravinder akairudia nguzo yake.
Mengineyo yakaja, yakapita, hayakumgusa mtu.
Saa nne kasoro dakika tano akainua kipande cha karatasi
kilichoganda chini ya stempu:
vifuniko vya vali, viwili, peni arobaini.
Hefin akaketi. Alikuwa ameketi tayari,
lakini akaketi tena.

Nimeandika hivi:
Bi. Bevan amependekezwa na Hefin, ameungwa mkono na Eluned.
Hana baiskeli. Hajaondoa lalamiko lake.
Amechaguliwa bila kupingwa.
Yatokanayo, kikao kijacho: nafasi mbili za kuegesha.
Mlalamikaji: mweka hazina.

Kikao kilifungwa saa nne na robo. Mvua haikufungwa.

Na hili sikuliandika:
Hefin aliikokota baiskeli mlimani, mbwa mbele,
mkono mmoja kwenye usukani,
ule wa mkebe ukipapasa koti, mfuko hadi mfuko,
haujui pa kukaa.